Taa za pikapu yangu zilivyokuwa zikiwapiga wenzangu usoni

Globu ya kulia iliungua nikiwa natoka Lindi. Nilipofika Mtwara nikanunua mbili, maana ya kushoto nayo ilishachoka, mwanga wake umekuwa wa njano. Nikazifunga mwenyewe usiku uleule, simu yenye tochi nimeibana mdomoni. Zikawaka zote mbili, nikashusha boneti, nikaenda kulala.

Jioni ya pili nikashika njia kwenda Mingoyo. Kabla sijaimaliza Mikindani, magari matatu yalikuwa yameshaniwashia full, yaani taa kali za mbali. Nikadhani nimesahau kushusha taa, nikatazama kile kitaa cha buluu cha full kwenye dashibodi: kimezima. Huko mbele ikawa kila gari. Lori moja la korosho likapunguza mwendo, dereva akatoa kichwa dirishani: "Kaka, taa zako zinatuua macho!"

Maneno yale yaliniuma. Barabara ile usiku ina watu: wanaotoka shamba kwa miguu, baiskeli zilizobeba kuni, bodaboda zisizo na taa ya nyuma. Dereva anayekwenda kilomita 80 kwa saa, ukimpofusha kwa sekunde mbili tu, ameshapita zaidi ya mita 40 bila kuona kitu. Na aliyempofusha ni mimi.

Asubuhi nikafanya kosa la pili. Nikachukua bisibisi ya nyota nikaanza kuzungusha skrubu za taa kwa kukisia. Usiku nikajaribu: taa ya kulia inamulika lami mita chache mbele ya bampa, na bado kuna kipande cha mwanga kinapanda mpaka kwenye majani ya mikorosho. Sioni mbele, na wenzangu bado nawaumiza.

Nikamwendea fundi umeme mmoja pale mjini, mtu mzima. Baada ya shikamoo nikamweleza. Hakugusa skrubu. Akaniuliza, "Mwanangu, globu yenyewe umeitazama imekaaje?"

Akachomoa plagi, akavua ule mpira wa kuzuia vumbi, akaniita niinamishe kichwa. Globu yangu, ya aina iitwayo H4, ina masikio matatu ya bati, na la juu ni pana kuliko mengine. Kila sikio lina nafasi yake kwenye taa. Sikio moja la chini halikuingia, limepanda juu ya ukingo, na mimi nilikuwa nimeifunga springi ya waya juu yake kwa nguvu. Globu imekaa upande.

Akaitoa akanionyesha ndani. Kuna nyuzi mbili: ya full, wati 60, na ya kushusha, wati 55. Chini ya uzi wa kushusha kuna kikombe kidogo cha bati, hakizidi ukucha. Hicho ndicho kinachozuia mwanga usipande juu. Globu ikikaa upande, kikombe nacho kinakaa upande, na mwanga unatoroka. Hakuna skrubu inayoweza kurekebisha hilo. Akaona pia alama ya kidole changu kwenye kioo, akaifuta kwa spiriti na kitambaa safi, maana mafuta ya mkono yakipata joto la globu ya halojeni huifupishia maisha. Akairudisha. Safari hii ilikaa yenyewe, bila kulazimishwa.

Kwa kuwa skrubu nilishazivuruga, ilibidi tupange upya. Tukatafuta ukuta mweupe wa ghala, mbele yake sakafu ya zege iliyo sawa. Upepo wa matairi tukaupima kwanza. Nyuma nikaacha magunia kama ninavyobeba siku zote, kwa sababu pikapu ikikaa mkia chini, pua inainuka na taa zinainuka nayo. Ukipanga ikiwa tupu utakuwa umejidanganya.

Tukaisogeza mpaka ukutani, tukaweka alama za chaki mbele ya katikati ya kila taa. Kutoka chini ilikuwa sentimita 88. Tukairudisha nyuma mita 10 kwa futi ya kupimia, halafu tukachora mstari sentimita 10 chini ya zile alama, yaani 78. Giza lilipoingia tukawasha taa za kushusha, tukachomoa plagi ya upande mmoja ili tuone taa moja moja.

Sasa ukingo wa mwanga ulionekana wazi: juu giza, chini mwanga, umelala sawa upande wa kulia, kisha unapanda kidogo upande wa kushoto. Huku kwetu tunapita kushoto, kwa hiyo huo mpando unamulika kando ya barabara, walipo waenda kwa miguu. Ukinunua taa nzima ya spea iliyotoka nchi wanakopita kulia, mpando wake utaelekea kwa anayekuja mbele yako, na hapo dawa ni kuirudisha dukani tu.

Skrubu ya juu na chini nilizungusha robo mzunguko, nasimama, natazama, narudia. Ya pembeni iliguswa kidogo sana. Kwa mshuko ule wa sentimita 10 kwa kila mita 10, mwanga unagusa lami yapata mita 88 mbele.

Usiku huo nikaenda tena Mingoyo. Baada ya Mikindani niliwaona kwa mbali, upande wa kushoto, mama na mtoto wake wamebeba ndoo kichwani. Nikapunguza mwendo, nikawapita polepole. Nikapishana na malori mawili yakienda bandarini. Hakuna aliyeniwashia full.