Michembe, nsansa na mkeka wa mafunjo: ninavyojaza stoo yangu kila kiangazi

Nyumba yetu iko mlimani, Mabatini, na kama viwanja vingi vya Mwanza, nusu yake ni mawe. Nyuma ya jiko kuna jabali pana lililoinama kidogo, na kuanzia Juni hadi Septemba linapigwa na jua kutwa nzima huku upepo wa ziwa ukilipitia. Hapo ndipo ninapokaushia viazi vitamu, majani ya kunde na dagaa. Mboga zinapopanda bei sokoni, sisi tunakula vya stoo, na ninavipenda kuliko vingi ninavyoweza kununua.

Aliyenifundisha ni bibi wa nyumba ya jirani, mzaliwa wa Magu. Nilipomwomba anionyeshe michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, alinijibu, "Mjukuu wangu, usianike chakula kwenye jiwe tupu. Shona mkeka kwanza." Basi nikaanza na mkeka, na leo namshukuru.

Mafunjo, mimea mirefu ya majini kama matete, nilinunua kwa watu wanaoyaleta mjini yakiwa yamefungwa mizigo. Bua lake lina pembe tatu, na ukilipasua unakuta nyama nyeupe, nyepesi, iliyojaa maji. Maji hayo ndiyo yanayofanya kazi ya kwanza iwe kukausha. Bua likishonwa bichi husinyaa likiwa tayari mkekani, na panaachwa mianya ambayo kipande cha kiazi kinapenya bila shida. Tuliyapasua kwa urefu, tukayaanika mpaka kijani kikaisha, na asubuhi ya kushona tukayanyunyizia maji kidogo ili yasikatike.

Katika kupanga, bibi alinisimamia kwa karibu sana. Shina la funjo ni nene chini na jembamba juu, kwa hiyo moja unalilaza kichwa kulia, linalofuata kichwa kushoto, hivyo hivyo hadi mwisho. Usipofanya hivyo upande mmoja unakuwa mpana na mkeka unakwenda mshazari. Kamba ni ya katani, tulisokota wenyewe mapajani. Sindano ilikuwa spoku ya baiskeli iliyopondwa ncha na kutobolewa tundu. Inapitishwa katikati ya kila bua, mstari mmoja, kisha unaacha shubiri moja na kuanza mstari mwingine. Vidole vinauma, sitaficha, lakini mkeka ukikunjuka mbele yako ukiwa umenyooka, unajisikia fahari ya kweli.

Kuna watu wanaoniuliza kwa nini nisianike kwenye turubai. Turubai la plastiki linashika jasho la kiazi chini, upande wa juu unakauka na wa chini unateleza, kisha ukungu unaingia. Mkeka wa mafunjo unapitisha hewa kotekote.

Sasa viazi. Kwa Wasukuma kuna njia mbili. Michembe ni viazi vibichi: unaviacha vinyauke kidogo, unamenya, unakata vipande na kuanika. Matobolwa huchemshwa kwanza, ndipo yanakatwa na kuanikwa, na hayo unaweza kuyatafuna hivi hivi na chai. Mimi hununua viazi vyeupe vinapoingia kwa wingi kutoka Magu na Misungwi, bei ikiwa chini. Vile vya njano, viazi lishe, nakaushia vichache tu. Vitamini A iliyomo ndani yake hupungua kwa jua kali na kwa kukaa muda mrefu, kwa hiyo vingi vyake watoto wanakula vikiwa vimetoka kuchemshwa, moto.

Nakata vipande vya unene wa karibu nusu sentimeta, vyote sawa. Hapa sina mzaha, maana kipande kinene kikibaki na unyevu ndani kitaharibu ndoo nzima. Jioni naanua kabla umande haujashuka, asubuhi narudisha. Vikiwa tayari, ukivunja unasikia mlio, havikunjiki. Navihifadhi kwenye ndoo zenye mifuniko, na mara moja moja navitoa tena juani, kwa sababu fukusi wanapenda michembe kama sisi.

Nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa, ni rahisi zaidi. Majani machanga ya kunde, yaoshwe vizuri, yachemshwe kidogo, yakamuliwe maji, yatandazwe. Hayo siyaweki katikati ya jabali bali pembeni, chini ya mwembe, ambako jua linakuja kwa vipande. Yakipigwa na jua la moja kwa moja yanapauka.

Dagaa sitaki wakaribie mkeka, mafuta na harufu yao havitoki. Wana kichanja chao: miti minne, fremu ya mbao, na wavu wa matundu madogo uliokazwa, juu ya usawa wa kiuno. Dagaa wengi hapa kwetu hukaushwa mchangani, na kila mpishi wa Mwanza anajua mchanga ule unavyosaga meno hata baada ya kuosha mara kadhaa. Juu ya wavu, kuku hawafiki na hewa inapita juu na chini. Nawafuata soko la Mwaloni, Kirumba, alfajiri wakiwa wabichi, katika siku za giza, wakati wavuvi wanaenda na taa. Mwezi ukiwa mpevu mwanga wa taa haufanyi kazi sana, dagaa wanakuwa wachache na bei inaruka. Nawaosha kwa maji ya chumvi kidogo na kuwatandaza safu moja. Jua likiwa zuri, jioni wamekauka wanang'aa.

Mapishi yenyewe hayana mambo mengi. Michembe naiosha, nailoweka, naichemsha mpaka ilainike, kisha namwagia karanga zilizotwangwa kwenye kinu na chumvi, nakoroga taratibu mpaka mafuta ya karanga yaanze kuonekana pembeni ya sufuria. Wakati mwingine tunaila na maziwa ya mgando. Nsansa nazo ni za karanga, kwa ugali wa mtama. Dagaa wengine nawakaanga na nyanya, wengine nawasaga unga na kuweka kijiko kwenye uji wa mdogo wetu, kwani dagaa huliwa mzima na mifupa yake, na hiyo ndiyo faida yake kubwa kwa mtoto.

Mikeka nimeendelea kushona. Mmoja uko sebuleni, mwingine nimemshonea mama mkwe, ambaye alinijibu kwa kuniletea mbegu za kunde kutoka shambani kwake. Ya kukaushia naikung'uta, naianika yenyewe, kisha naiviringisha na kuining'iniza darini juu ya jiko, ambako moshi unaifukuzia wadudu.

Binti yangu mkubwa yuko bweni, Sengerema. Kila akifunga safari ya kurudi shule anabeba kopo la matobolwa, na kila akipiga simu anasema wenzake wameshayamaliza. Msimu huu nimeamua kuchemsha sufuria moja zaidi kwa ajili yao.