Kodi ya Miezi Sita

Mwanzoni mwa Julai 2017 nilikuwa nadaiwa kodi ya nyumba ya miezi sita katika mtaa wa Kihesa, mjini Iringa, na mshahara wangu wa Juni ulikuwa haujaingia. Deni lenyewe lilikuwa shilingi 360,000, yaani shilingi 60,000 kwa mwezi, kwa chumba na sebule, choo na bafu vikiwa uani tukichangia na mpangaji mwingine. Kwetu Kenya tumezoea kulipa mwezi kwa mwezi, na anayechelewa hujificha wiki moja mambo yakaisha. Tanzania mwenye nyumba hutaka ya miezi mitatu, sita, hata mwaka mzima, tena kabla hujaingiza kitanda, na anayeishi kwa mshahara hujikuta mara mbili kwa mwaka anadaiwa kwa mkupuo fedha zinazokaribia ujira wake wa mwezi.

Nilifika Iringa nikitokea Kaloleni, Kaunti ya Kilifi, nikiwa na cheti cha ualimu wa shule za msingi na nikiwa nimechoka kusubiri ajira ya serikali, kwa kuwa wakati ule Kenya ilikuwa na walimu waliohitimu wengi kuliko nafasi zilizotangazwa. Tanzania ilikuwa na hali tofauti. Shule za msingi za serikali zimekuwa zikifundisha kwa Kiswahili tangu 1967, lakini baada ya sera ya elimu ya 1995 zilichipuka shule za binafsi ambazo wazazi huziita Ingilishi midiamu, na wenye shule hizo walipenda kuajiri walimu kutoka Kenya na Uganda, kwa imani kwamba Kiingereza chetu kimenyooka zaidi. Kwamba mimi, mtu wa pwani niliyelelewa kwa Kiswahili, nililetwa bara kufundisha Kiingereza, lilikuwa jambo ambalo walimu wenzangu hawakuacha kulicheka. Walikuwa na haki ya kucheka.

Nyumbani kijijini waliamini kwamba aliyevuka mpaka kwenda kufundisha Kiingereza atarudi na gari. Ukweli ulikuwa kwenye karatasi ya mshahara. Mkataba ulisema shilingi 500,000. Ukitoa asilimia kumi ya mfuko wa hifadhi ya jamii, kisha kodi ya mapato, zilikuwa zinabaki kama 415,000, ambazo kwa fedha za Kenya za wakati ule zilikuwa shilingi 19,000 na kidogo. Walimu wenzangu Watanzania walipata kiasi kisichopishana sana na changu, lakini hakuna hata mmoja kati yao aliyeishi kwa mshahara peke yake: huyu ana ekari mbili za mahindi kwao Kilolo, yule anafuga kuku wa mayai, mwingine anafundisha tuisheni kila jioni. Mimi kibali changu cha kazi kilikuwa kimenifunga kwa mwajiri mmoja na kazi moja, kama ilivyotaka sheria ya ajira za wageni ya 2015, kwa hiyo mzazi aliponiomba nimfundishe mwanawe jioni kwa malipo nilikuwa namwelekeza kwa mwenzangu.

Maisha, hata hivyo, hayakuwa mabaya. Chakula Iringa ni rahisi kwa mtu asiyechagua: maharage, viazi, mboga za majani za fungu, na unga wa mahindi uliosagwa mtaani. Kilichonitesa ni baridi ya Juni na Julai, ambayo mtoto wa pwani haelezwi akaielewa, na iliyonifanya nitumie mkaa zaidi ya bajeti kwa sababu jiko nililiwasha hata pasipokuwa na cha kupika. Kila mwezi nilimtumia mama fedha kwa simu, jambo lililokuwa rahisi tangu 2015 ilipowezekana kutuma M-Pesa kutoka Tanzania moja kwa moja hadi Kenya, na shilingi 30,000 nilizipeleka kwa kijumbe, yaani mkusanya fedha wa mchezo wa walimu. Tulikuwa watu kumi, na kila mwezi mmoja wetu alipokea mafungu ya wenzake tisa. Zamu yangu ilikuwa Septemba.

Mwaka ule mvua zilikuwa zimegoma kwetu. Mwezi Februari serikali ya Kenya ilitangaza ukame kuwa janga la kitaifa, na Kilifi ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizoumia. Pakiti ya unga ya kilo mbili ilipanda hadi kufikia karibu shilingi 150 za Kenya, mpaka Mei serikali ilipoweka ruzuku ishuke hadi shilingi 90. Mama aliniambia kwamba unga wa shilingi 90 aliusikia redioni tu, maana dukani kwao ulikuwa ukishushwa asubuhi na kufikia saa nne umekwisha. Kwa hiyo fedha niliyokuwa namtumia niliiongeza, na akiba ya kodi ndiyo iliyopungua. Kisha, mwishoni mwa Juni, serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kusafirisha mahindi nje ya nchi, ili kulinda chakula cha ndani. Nilipoisikia habari hiyo nilimfikiria mama peke yake. Sikujua kwamba ilikuwa inakuja kugonga mlango wangu mwenyewe pale Kihesa.

Mama mwenye nyumba alikuwa mjane wa makamo, Mhehe, aliyeishi katika nyumba kubwa mbele ya vyumba vyetu. Jumapili ya kwanza ya Julai, aliporudi kanisani, alimtuma mtoto aniite. Nilimkuta sebuleni na sweta juu ya kitenge, jiko la mkaa miguuni.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwalimu. Karibu ukae. Umeamkaje na baridi hii?”

Kabla ya kusema la kodi alinipa karatasi nisome. Ilikuwa fomu ya kujiunga na kidato cha tano ya mjukuu wake, binti aliyekuwa amepangiwa shule ya bweni mkoa mwingine na aliyetakiwa kuripoti katikati ya mwezi. Elimu bila malipo ya Tanzania, iliyoanza 2016, wakati ule iliishia kidato cha nne. Kidato cha tano kilikuwa na ada ya shilingi 70,000 kwa mwaka katika shule ya bweni ya serikali, ambayo haikuwa kubwa, lakini fomu haikuishia kwenye ada. Kulikuwa na michango, godoro, shuka za rangi maalumu, ndoo, jembe, fagio la kusimamia, rimu ya karatasi, sare za darasani na sare za kazi, viatu vyeusi vya kamba, na nauli ya basi kwa binti na mtu wa kumsindikiza. Pembeni ya kila kitu alikuwa ameandika bei kwa penseli, na chini amejumlisha, akafuta, akajumlisha tena.

“Mwalimu, sikudai kwa ubaya,” alisema. “Wewe ni mpangaji mzuri, hupigi muziki. Lakini huyu binti anaondoka baada ya wiki mbili, na hela yangu yote imo humo ndani.”

Alinionyesha kwa kidevu mlango wa stoo, kisha akainuka akaufungua. Magunia ya mahindi yalikuwa yamepangwa juu ya mbao hadi karibu na dari, na harufu ya dawa ya dumuzi ilitoka mle ikatufanya tukohoe sote wawili. Alilima kwa mbolea ya mkopo kutoka duka la pembejeo, na mwezi Machi debe la mahindi lilikuwa limefika shilingi 16,000 na kila mtu mwenye shamba aliona mwaka huo utamtoa. Sasa walanguzi walikuwa wanampa shilingi 7,000 kwa debe, tena kwa lumbesa, lile gunia linaloshonewa kilemba juu ili mkulima atoe debe la ziada lisilohesabiwa. Wanunuzi waliokuwa wakipakia malori pale Makambako kupeleka mpakani walikuwa wametoweka. Duka la mbolea lilikuwa likimpigia simu kila siku, na yeye, kwa maelezo yake mwenyewe, alikuwa amebakiwa na mdaiwa mmoja tu ambaye si gunia, yaani mimi.

Nilimweleza yaliyotokea shuleni. Tulikuwa tumefunga muhula wa kwanza bila mshahara, na tulipoitwa ofisini tuliambiwa tuvumilie, kwani sehemu kubwa ya ada ilikuwa haijalipwa. Wazazi wengi wa shule yetu walikuwa wakulima na wafanyabiashara wa nafaka, na kila aliyepigiwa simu na mhasibu alijibu vilevile: nikiuza mahindi nitalipa. Nilipofika hapo mama mwenye nyumba alipiga kofi akacheka hadi akajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

“Kumbe na mshahara wako umo humo stoo!”

Tulicheka wote, halafu kikafuata kimya cha watu ambao kicheko hakijawalipia deni. Nikamwomba nilipe ya miezi mitatu kwanza. Akakataa, bila ukali. Alisema nusu ya kodi haitoshi godoro, ada na nauli kwa pamoja, na mtoto hawezi kuripoti nusu. Mimi bado naamini alikuwa sahihi. Mtu anayedai kodi ya nyumba yake kwa wakati tuliokubaliana hana sababu ya kuitwa katili, ingawa wapangaji tuna wimbo wetu mmoja juu ya wenye nyumba na hatuuchoki.

Usiku huo nilimpigia mama kumwarifu kwamba fedha ya mwezi huo ingechelewa. Nilipomtajia bei ya debe la mahindi Iringa alinyamaza kwanza akipiga hesabu, maana hilo debe la karibu kilo kumi na nane lilikuwa kama shilingi 325 za Kenya.

“Basi tia gunia kwenye basi uniletee,” alisema.

“Wamekataza, mama. Mahindi hayatoki.”

“Na unga?”

“Unga hawakuukataza.”

“Sasa wewe unangoja nini? Saga!”

Ilinichukua muda kumweleza kwamba nauli ya gunia la unga kutoka Iringa hadi Kaloleni, pamoja na wapagazi na maelezo ya pale mpakani Lungalunga, ingekula faida yote. Hakuridhika. Hadi leo hulikumbuka jambo hilo tukiwa na wageni.

Lakini maneno yake ndiyo yaliyonipa wazo, maana kununua mahindi wakati wa mavuno na kuyahifadhi ni jambo ambalo kila mwalimu wa Iringa asiye na shamba hulifanya. Shule zilipofunguliwa nilitangaza katika ofisi ya walimu kwamba kuna mama Kihesa anauza mahindi makavu, yaliyokwisha kutiwa dawa, shilingi 9,000 kwa debe la haki lisilo na lumbesa, bei ambayo ilikuwa chini ya ya sokoni na juu ya ile ya walanguzi. Kibali changu kilisema nifundishe Kiingereza. Hakikuwa na neno lolote kuhusu kuyasifu mahindi ya jirani, na sikuchukua hata senti katika shughuli hiyo. Kwa bahati, wiki hiyohiyo shule ilitulipa nusu ya mshahara. Siku mbili zilizofuata, baada ya vipindi, walimu walikuja uani na magunia yao matupu, mwalimu wa hisabati akisimamia debe kana kwamba anasahihisha mtihani wa taifa, akipitisha fimbo juu ya ukingo ili lisizidi wala lisipungue.

La kodi lilitatuliwa na kijumbe. Zamu ya Julai ilikuwa ya mwalimu wa darasa la pili, aliyekuwa anakusanya fedha za bati za nyumba yake huko Ipogolo, na nilipomweleza hali yangu alikubali tubadilishane, kwa sharti kwamba Septemba nisije na hadithi. Mafungu tisa ya 30,000 yalikuwa shilingi 270,000. Niliongeza 90,000 zilizokuwa zimebaki katika akiba yangu, nikazihesabu mara ya pili mezani mbele ya mama mwenye nyumba na mjukuu wake, ambaye alikuwa ameketi chini anashona namba kwenye shuka. Kati ya nusu mshahara nilimtumia mama yangu kilichobaki baada ya mkaa na umeme, akakipokea kwa shukrani na kwa kunikumbusha habari ya unga.

Mama mwenye nyumba alitoa daftari lake la kodi, akaandika tarehe, kiasi, na maneno “Julai hadi Desemba 2017”, akatia sahihi nami nikatia yangu chini yake. Kisha, kabla sijalifunga, akalivuta daftari kidogo upande wake.

“Ila mwalimu, nikuambie mapema usije ukasema sikukutaarifu. Kuanzia Januari itakuwa elfu sabini.”

Nilimuuliza sababu. Akanijibu kwa neno moja: mbolea.