Kichwa cha mpigaji hakiondoki chenyewe

"Angalia mpira!" ndiyo kelele inayopigwa kuliko zote pembeni mwa uwanja wa softiboli, na ndiyo inayosaidia kidogo kuliko zote. Mtoto wa miaka kumi na mmoja aliyekosa mpira atakuambia kwamba aliuangalia, na mara nyingi ni kweli: aliuangalia hadi pale mwili ulipokivuta kichwa kando. Kazi ya kocha ni kutafuta kilichokivuta.

Tuanze na hesabu. Kwa wachezaji wa chini ya miaka 12 mrushaji husimama mita 12.19, yaani futi 40, kutoka pleti, kile kibao cha chini ambacho mpigaji husimama kando yake, lakini hupiga hatua ndefu mbele kabla ya kuuachia mpira, kwa hiyo safari yenyewe inabaki kama mita kumi na nusu. Mpira wa kilomita 70 kwa saa unafika kwa zaidi kidogo ya nusu sekunde. Mzungusho wa gongo unakula karibu robo sekunde ya hiyo. Kinachobaki kwa ajili ya kuona na kuamua hakitoshi hata kupepesa macho kwa starehe.

Hakuna binadamu anayeuona mpira hadi unapogusa gongo. Terry Bahill na Tom LaRitz walilipima jambo hili Marekani na kuchapisha matokeo mwaka 1984: hata mchezaji wa beisiboli wa kulipwa aliupoteza mpira ukiwa umebakiza chini ya mita mbili, kwa sababu hapo unapita haraka kuliko jicho linavyoweza kugeuka. Kipande cha mwisho ubongo hukikisia. Ukisio huo ukitengenezwa na macho yaliyokuwa yanapanda, yanashuka au yanasogea mbele, gongo litapita pasipo mpira.

Chukua simu, mwelekee mpigaji upande wa kifua chake, mita tano hivi, kamera usawa wa kiuno, mpira ukiwa juu ya stendi, kile kiguzo cha kuwekea mpira, ili usipigwe wewe. Chagua nguzo au mti nyuma ya kichwa chake na urekodi kwa mwendo wa polepole. Kichwa kusogea kidogo wakati wa hatua si kosa. Ila mguu wa mbele ukishakanyaga, kinapaswa kutulia: kikisogea zaidi ya upana wa ngumi kuanzia hapo hadi gongo liguse mpira, kuna shida. Bila simu, soma mipira. Mpigaji wa mkono wa kulia anayekikwepesha kichwa huviringisha mipira dhaifu upande wa beisi ya tatu, na ule wa nje ya pleti huugusa kwa ncha ya gongo au haugusi kabisa. Anayeinua kidevu mapema hupiga juu ya mpira, ukaishia kudunda mbele ya miguu yake.

Kabla ya kugusa mzungusho, kagua vifaa. Timu nyingi za shule zina helmeti chache za saizi moja, zinazopokezanwa. Iliyo kubwa hubaki nyuma kichwa kinapogeuka, ukingo ukafunika jicho. Misuko iliyofungwa juu utosini huisukuma helmeti mbele, na chuma cha uso kinakata mstari wa kuonea. Misuko ifungwe chini, kisogoni. Gongo nalo: mwambie alishike kwa mkono mmoja wa chini, mkono umenyooka pembeni usawa wa bega, sekunde 20. Likianza kuteremka, ni zito mno kwake. Gongo zito huliangusha bega la nyuma, na bega la nyuma likianguka kichwa huinama nalo. Hakuna zoezi linaloponya hilo isipokuwa gongo jepesi.

Kisha kisimamo. Simama mahali pa mrushaji umtazame: je, unayaona macho yake yote mawili kikamilifu? Mwambie afumbe jicho la mbele. Kama mpira ulioushika kiunoni umetoweka nyuma ya pua yake, alikuwa anacheza kwa jicho moja. Ageuze kidevu zaidi, au asogeze mguu wa mbele mbali na pleti kwa sentimita kumi, mpaka auone vizuri. Macho yawe sambamba na ardhi.

Pa kutazama napo hufundishwa. Mkono wa mrushaji wa softiboli hufanya duara zima, na mtoto akiufuata mkono huo macho yake yanazungushwa kabla mpira haujatoka. Atulize macho kifuani mwa mrushaji, halafu mkono unaposhuka ayahamishie kwenye nyonga, kwa sababu mpira hutokea hapo.

Mazoezi mawili yanatosha kwa wiki za mwanzo. La kwanza ni la stendi. Kama hamna ya dukani, simika bomba la plastiki katika kopo la rangi lililojazwa zege, juu uvike kipande cha mpira laini wa hosi ili gongo lisivunje bomba. Weka mpira usawa wa kitovu, mkabala na goti la mbele. Kidevu kinaanza karibu na bega la mbele na kumalizia karibu na bega la nyuma: mabega ndiyo yanayozunguka chini yake, chenyewe kimetulia. Baada ya kupiga, macho yabaki juu ya stendi tupu mpaka wewe useme "haya". Mapigo kumi, pumzika, kumi tena. Yakizidi thelathini uchovu unaanza kufundisha makosa. Usimruhusu atazame mpira ulikokwenda. Hapo watoto wote hudanganya.

La pili halina gongo la kuzungusha. Mrushaji anapopasha mwili, mpigaji asimame pembeni mwa pleti na helmeti yake, apige hatua kama kawaida, augeukie mpira kwa pua hadi kwenye glavu ya mdakaji aliye nyuma ya pleti, aseme "ndani" au "nje" kabla haujafika. Mirusho 15 hadi 20. Chora kwa kalamu nene namba 1 hadi 4 kwenye mipira, asome namba ukimrushia taratibu kutoka mita nne au tano. Asiposoma si neno; kule kutafuta namba ndiko kunakokituliza kichwa.

Mtoto mwenye hofu ni habari nyingine. Kama anapiga kwa mkono wa kulia, utamjua kwa mguu wa mbele unaokimbilia beisi ya tatu. Huyo mpe mipira ya tenisi, umrushie ya kumgonga kwa makusudi, polepole, huku akijifunza kuugeuzia mgongo: kidevu kifuani, uso kwa mdakaji, gongo chini. Akishajua namna ya kugongwa bila kuumia, mguu utaanza kurudi mahali pake.

Na kama baada ya wiki tatu bado anakosea namba akiwa ametulia kabisa, wenzake wakizisoma, acha mazoezi ya kichwa na mpeleke akapimwe macho.