Kibegi cha keneli

Jumapili usiku, Majengo, Moshi. Baridi ya Julai hii jamani, nimejifunga blanketi na bado vidole vinakufa ganzi kwenye kibodi.

Wiki iliyopita laptopu yangu iliungua madabodi ila diski ikabaki nzima, nikasema poa, naichomoa naipachika kwenye desktopu ya zamani ya baba mdogo, Debian yangu (mfumo endeshi wa Linux) na kazi zangu zote zimo humo, naendelea tu. Nawasha, mistari inapita, inasimama muda mrefu mpaka roho inaenda mbio, af inaniambia UUID ya diski (namba yake ya utambulisho) haipo na kuniacha kwenye skrini nyeusi imeandikwa initramfs. Nikajua basi, picha za marehemu bibi zimeondoka.

Kumbe diski haina shida kabisa. Siku mbili nimekaa nalo hili jambo na limenigusa kweli.

Keneli ya Debian, yaani kiini cha mfumo kinachoongea na vifaa, imetengenezwa iwake kwenye mashine za kila aina, kwa hiyo draiva nyingi (programu za kuendesha kila kifaa) hazijashonewa ndani yake, zimewekwa pembeni kama moduli kwenye /lib/modules. Na hiyo folda iko wapi? Kwenye diski hiyohiyo! Yaani ili usome diski unataka draiva, na draiva imelala kwenye diski, hata ext4, yaani ya kusoma mpangilio wa mafaili kwenye diski, kwa Debian ni moduli. Ndo maana GRUB, programu inayowasha mfumo, ambayo yenyewe inasoma diski kwa msaada wa BIOS (programu iliyo kwenye madabodi), ikipakia keneli kwenye RAM inapakia na kifurushi cha pili, ramdiski ya mwanzo, ndo hiyo initramfs. Siku hizi ni faili la cpio (mafaili mengi yamefungwa pamoja) lililobanwa, keneli inalifungua humohumo kwenye RAM na kuendesha programu inaitwa init, hiyo ndo inaita draiva, inasubiri diski itokee, kama umeifunga kwa LUKS inakuomba neno la siri, kama diski imegawanywa kwa LVM inakusanya vipande, af inaukabidhi mfumo wenyewe na kujifuta kwenye RAM.

Kaka yangu ni mpagazi mlimani. Begi kubwa la mgeni wanatangulia nalo kambini, mgeni anabaki na kibegi cha mgongoni chenye maji na koti la mvua, maana mvua ikimkuta njiani begi kubwa liko mbali. Nilivyomsikia akiongea juzi nikaona ramdiski ni hicho kibegi.

Sasa mwaka jana /boot yangu, folda ya keneli na ramdiski zake, ilikuwa inajaa kila keneli mpya ikija, nikaandika MODULES=dep kwenye initramfs.conf, maana yake pakia draiva za mashine hii tu. Laptopu ilitumia draiva ya diski inaitwa ahci. Desktopu ya baba mdogo BIOS yake iko kwenye IDE, njia ya zamani ya kuongea na diski, inataka draiva ya ata_piix, na kwenye kibegi haikuwemo.

Nikabuti na flashi, nikamaunti diski, nikaingia ndani ya mfumo wake kwa chroot, nikarudisha MODULES=most, yaani draiva nyingi, nikaunda kibegi upya kwa update-initramfs -u, nikawasha upya. Ikawaka. Picha za bibi nimezifungua zote mpaka saa saba usiku.

Kesho nataka nikompaili keneli yangu yenye ata_piix na ext4 ndani kwa ndani nione ikibuti bila ramdiski, ila root, sehemu yenye mfumo, itabidi niandike kwa PARTUUID, namba ya kipande cha diski, maana ile UUID ya kawaida keneli haiijui, anayeitafuta ni hiyohiyo init ya kwenye kibegi.