Siku tuliyopiga kazi zote za Bix na muda ukabaki

Mi nimekulia Tanga, na Tanga ukisema jazz mtu anawaza Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, dansi la Jumamosi, fundi wa gitaa la solo kasimama mbele. Jamaa yangu ni wa Uvira, Kongo, kwao jazz ni OK Jazz ya Franco. Yani wote wawili tulikua tunajua jazz ndo rumba, mpaka maisha yakatutupa Davenport, Iowa, Marekani, kando ya mto Mississippi, mji ambao kila Julai maelfu ya watu wanakimbia maili 7 kwa jina la kijana wa hapo hapo, Bix Beiderbecke. Mi mwaka wa kwanza nikauliza kazini, huyu Bix alikua mwanariadha? Walinicheka wiki nzima.

Kumbe alikua mpiga koneti wa jazz ya Wamarekani, koneti ni ile kama tarumbeta ila imejikunja zaidi. Kazaliwa 1903, kafa New York 1931 ana miaka 28, nimonia, na pombe ilishamla siku nyingi. Nota alikua anazisoma kwa shida, kila kitu sikio. Hapo ndo nikampenda, maana mi nota ukiniwekea mbele ni kama barua ya mganga.

Jamaa ndo anasoma, alifundishwa kwenye kwaya ya misheni. Tulikutana kiwanda cha nyama ng'ambo ya mto upande wa Illinois, zamu ya usiku, mi Mwislamu ye anapiga kinanda kanisani kwao, ananiita yaya. Huko kwao yaya ni kaka mkubwa, kwetu ni dada wa kulea watoto, nilichukua muda kuzoea bana.

Sasa siku moja kaja na kitabu cha nota cha maktaba, anasema yaya, huyu mtu wa mbio alitunga piano, na vipande vyake viko vitano tu: Davenport Blues, In a Mist, Candlelights, Flashes na In the Dark, tukivipiga vyote tutakua tumemaliza kazi zake zote za piano, nani mwingine unaweza kummaliza hivo? Nikaona dili.

Dili gani. Sisi tumezoea kodi tatu (za muziki, nota zinazopigwa kwa pamoja, sio za TRA), ukitia ya nne umekua mtaalamu, alafu huyu bwana anakuja na kodi zina nota tano kila moja, zinateleza zote kwa pamoja kushuka chini na hazifiki nyumbani, unasubiri itue, haitui. In a Mist peke yake ilitula miezi miwili. Tukagawana, ye achukue chini kwa mikono miwili, mi nichukue sauti ya juu kwa gitaa. Na vidole vyangu enzi hizo vilikua vimevimba kwa kisu, nikitoka zamu naviloweka kwenye ndoo ya maji moto na chumvi robo saa ndo vinakubali kukunjika, cha pete kilikua kinajifunga kabisa, nakifungua kwa mkono mwingine inalia tak.

Kilichotupa moyo ni kwamba hata nota zenyewe Bix hakuziandika yeye, aliziandika rafiki yake Bill Challis, na alipata tabu kwelikweli maana Bix kila akirudia anapiga tofauti. Na kati ya hizo tano, kwa piano alirekodi In a Mist tu, Septemba 1927. Davenport Blues aliirekodi 1925 ila na bendi, ameshika koneti. Hizo tatu zingine hakuwahi kuzirekodi, kwa hiyo nani atatuambia tumekosea?

Basi Machi 2018, siku yake ya kuzaliwa, tukapewa chumba kwenye maktaba moja, saa nzima. Piano tuliyoahidiwa tukakuta imefungwa na mwenye ufunguo hayupo, ikabidi jamaa arudi mbio kwenye theluji kufata kinanda cha kanisa, vile vidogo vya funguo 61. Watu walikua kumi na nne, nilihesabu. Bibi mmoja kaja na mto wa kukalia na chupa ya chai, nadhani aliona kwenye tangazo "kazi zote" akajua tutakesha.

Mbili za kwanza zilienda vizuri tu. Ya tatu, Candlelights, jamaa akafungua ukurasa, kitabu kikataka kuanguka, akakisukuma kwa mkono, na pale kitabu kinapoegemea ndo kuna kitufe cha kuhamisha nota zote juu (sio cha kuongeza sauti), kile anachotumia kwaya ikianza juu. Kikabonyea mara mbili. Sisi hatujui. Tukaanza, mi niko kwangu ye yuko juu hatua nzima, nasikia kabisa kuna kitu hapa, ila muziki wenyewe wa Bix ndo ulivo, nikasema labda ni mimi. Namtazama, jasho. Ye ananitazama na macho ya kuniuliza yaya unapiga nini? Tukaenda hivo hivo mpaka mwisho, watu wakapiga makofi. Ndo akaona taa ndogo inawaka, akaizima, hakusema kitu.

Zilizobaki mbili tukazipiga sawasawa, na tukamaliza. Naangalia saa ukutani, dakika ishirini na mbili. Bibi wa chai hata kikombe cha pili hajamimina. Nikasimama nikasema kwa Kiingereza changu cha kiwandani, jamani mtu huyu kazi zake za piano ndo zimeisha, kama kuna moja mnataka turudie tuko tayari. Kimya. Nilitegemea In a Mist, kila mtu pale anaijua.

Mzee mmoja wa nyuma, kofia ya kampuni ya mbegu za mahindi, akanyoosha mkono. Anataka ya tatu. Ile, anasema, iliyokua kama watu wawili wanabishana, hajawahi kuisikia ikipigwa vile.

Jamaa akanisogelea sikioni.

"Yaya, anataka ile ya makosa."

"Bonyeza, mdogo wangu."

Akabonyeza mara mbili.