Jina Nyuma ya Ubao

Mwaka 2018 mashine za kuchapa mabango zilikuwa zimeshafika Kigoma mjini, na sisi wachora mabango wa Ujiji tukabaki na saluni, vibanda vya chipsi na boti. Boti ndizo zilizoniweka mjini. Mwenye boti hataki stika, maana maji ya ziwa yanaibandua mapema. Anataka rangi ya mafuta, herufi zenye kivuli, na usemi wa kumchoma aliyemsema vibaya kule ufukweni. Herufi nilikuwa nazo mkononi. Watu nao nilichora, ila watu wa saluni: shingo ndefu, panki, macho pembeni.

Siku hiyo akaja binti wa mjomba wangu, mwalimu wa historia katika sekondari moja ya hapo hapo, akaanza kusema kabla hajakaa.

"Kaka, nataka watu. Wa mbao. Urefu wa mtu mzima, na wasimame wenyewe."

"Wa duka gani?"

"Si wa duka. Wa maonyesho ya shule. Hela ya plaiwudi ipo, wazazi wameshachanga. Ya ufundi tutaongea."

Hiyo "tutaongea" ya ndugu naijua. Lakini alikuwa ameshanipa simu yake, na kwenye kioo kile chenye ufa nikaona ukumbi mkubwa umejaa watu waliochorwa na kukatwa kila mmoja kwa umbo lake, wamevaa nguo za rangi kali, wamesimama kama abiria wanaosubiri majina yao yaitwe. Mmoja ana ngoma. Mwingine ana mbwa. Mwingine ameshika kiatu anachokishona. Nikavuta picha karibu kuangalia brashi ilivyopita. Rangi imelazwa bapa, mipaka ni wazi, haogopi pinki kukaa jirani na kijani. Nikasema kimoyomoyo, huyu naye ni mchora mabango.

Sikuwa mbali na ukweli. Mchoraji mwenyewe ni Lubaina Himid, na shahada yake ya kwanza, kule Wimbledon, ilikuwa ya kubuni majukwaa ya maigizo. Ndiyo maana watu wake ni wa kusimamishwa, si wa kutundikwa ukutani. Amezaliwa Zanzibar mwaka 1954. Baba yake alifariki kwa malaria mtoto akiwa na miezi minne tu, mama yake, mbunifu wa vitambaa, akarudi naye Uingereza, na huko ndiko alikokulia na kufanyia kazi mpaka leo. Anaishi Preston, kaskazini mwa Uingereza, na amekuwa profesa katika chuo kikuu cha hapo. Mwezi Desemba 2017, mjini Hull, alishinda tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza, akiwa na miaka 63. Ndiye mwanamke mweusi wa kwanza kuipata, na alipita kwa sababu mwaka huo huo waandaaji walikuwa wameondoa sharti la kutozidi miaka 50. Kabla ya hapo angehesabika amezeeka.

Habari hiyo ilikuwa imeshapita kwenye makundi ya WhatsApp kwa mtindo wa "mtoto wa Zanzibar awabwaga Wazungu". Mimi sikuipenda lugha hiyo na siipendi hadi leo. Mtu ameondoka hajaota hata jino, miaka yote aliyohangaika hakuna aliyemtumia nauli wala senti ya rangi, siku anashinda ndipo anakuwa wetu. Waliompigania ni wenzake wa huko, wanawake weusi waliokosa kuta za kutundikia picha. Mwaka 1985 alipoandaa maonyesho yao katika taasisi moja kubwa ya sanaa London, yaliyoitwa The Thin Black Line, walipewa korido. Korido! Sehemu ambayo watu wanapita wakienda kwingine. Wakaijaza.

Ile kazi ya kwenye simu inaitwa Naming the Money, aliionyesha mara ya kwanza Newcastle mwaka 2004. Ni watu 100, makundi kumi ya watu kumi kumi: wapiga ngoma, wachezaji, washona viatu, waganga wa mitishamba, wafinyanzi, wachora ramani, wafunza mbwa, watengeneza vitu vya kuchezea, wapiga kinanda cha nyuzi, na wachoraji. Ni Waafrika walioishia kutumika kwenye majumba ya matajiri wa Ulaya, wale ambao katika picha za zamani wanaonekana pembeni wameshika sinia au kamba ya mbwa, bila jina. Yeye amewatoa pembeni. Na mgongoni mwa kila mmoja amebandika karatasi ya mahesabu yenye mistari michache: jina lake la kwao, jina alilopachikwa, kazi aliyokuwa akifanya kwao, kazi anayofanyishwa sasa, na mwisho kitu alichobaki nacho. Ukitaka kumjua mtu lazima umzunguke.

"Sasa umeelewa?" akaniuliza mwalimu. "Nakwenda na wanafunzi makumbusho hapo, wanakuta sanamu za Livingstone na Stanley wanasalimiana. Wanapiga picha nao, tunarudi. Waliobeba mizigo wako wapi?"

Hapo akanipata. Mimi nimekulia chini ya miembe ya Ujiji, nimeona watalii wakishushwa, na kila mtu mjini anajua 1871, mwaka Stanley alipomkuta Livingstone hapa, kama anavyojua namba yake ya simu. Lakini mtu wa kwanza kumpokea Stanley alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone, na aliyehangaika jikoni siku ile aliitwa Halima. Susi na Chuma ndio waliosimamia kuubeba mwili wa Livingstone mpaka pwani. Hao angalau wameandikwa. Waliobeba pembe za ndovu kutoka Manyema, ng'ambo ya ziwa, na wale walioletwa pamoja na pembe hizo, nani anawajua?

Tukaanza. Ubao wa futi nane kwa nne unatoa watu wawili ukiwalaza mzungu wa nne, kichwa cha mmoja miguuni kwa mwenzake. Nilikataa plaiwudi ya milimita sita, ikinywa rangi inajikunja. Tukachukua ya tisa. Kupata maumbo, wanafunzi walilala juu ya ubao wenyewe kwa wenyewe wakachorana kwa penseli, wavulana upande wao na wasichana upande wao, na mkwaruzo wa penseli ukifika ubavuni mtu anapasuka kicheko na mstari unakwenda kombo. Nikakata kwa msumeno, nikapiga msasa, nikapaka nyeupe ya kwanza. Katikati ya miguu sikukata, mbao ingedhoofika, nilipaka nyeusi. Mgongoni nikaweka pembetatu ya mbao kwa bawaba ili mtu asimame.

Kwenye nguo tukagombana. Mimi nilitaka zile rangi za kwenye simu. Mwalimu akasema wa Himid walivaa nguo za majumba ya kifalme, wa kwetu walivaa kaniki na merikani, na akiwavalisha pinki mkaguzi atamcheka. Tukakubaliana nguo ziwe za wakati wao, ila nyuma ya kila kichwa nimwage rangi nitakayo. Kwa hiyo Halima wangu alivaa kaniki ya bluu iliyokolea na kichwani alizungukwa na rangi ya chungwa kama mawese. Bado naona ndiye mtu bora niliyewahi kumchora, na hakuna saluni iliyonilipa kwa ajili yake.

Kero ilikuja kwa wasio na majina. Wanafunzi walitaka kuwatungia: huyu tumwite nani, alitoka kijiji gani, alikuwa nani kwao. Mwalimu alielekea kukubali, kwa kuwa Himid naye aliwabuni wale watu wake mia. Mimi nilisita. Yeye alibuni kwa sababu wale wa kwake wamepotea kabisa, hakuna jirani wa kumuuliza. Sisi tungebuni mchana kweupe, na wajukuu wao wanapita hapo barabarani wakienda sokoni. Ujiji nusu ya mitaa ni Wamanyema. Mambo hayo yanajulikana majumbani, ila hayasemwi barazani, na mwenye busara haulizi.

Tukiwa kwenye ubishi huo ndipo akatokea bibi mmoja wa mtaa wetu. Alikuwa na kawaida ya kupumzika kwenye benchi la kibanda changu akitoka sokoni na chupa zake za mawese. Mbele yake kulikuwa na mwanamke wa mbao niliyekuwa nammalizia. Kwenye orodha ya mwalimu aliandikwa "mwanamke, kamba shingoni", kama ilivyo kwenye picha ya kitabu cha darasani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, baba. Huyu umemfunga nini shingoni?"

"Ni kamba, bibi. Ndivyo walivyokuwa wakiletwa."

"Itoe."

Mwalimu akaanza kumweleza kwa adabu habari za misafara, na kwamba hata sheria ya kufuta utumwa Tanganyika ilikuja 1922 tu. Bibi akamwacha amalize.

"Mwanangu, hayo unamfundisha nani? Bibi yangu alivuka ziwa hilo akiwa mtoto, hakuna anayekataa. Kamba alivaa siku ngapi? Ujiji amekaa mpaka nimekuwa mwali ananiogesha. Alikuwa anafinyanga. Vyungu vyake vimepika pilau za harusi za babu zenu nyie. Mchore na chungu, na kamba hiyo itoe, la sivyo ubao huu haufiki shuleni."

Hakupaza sauti. Wanafunzi waliokuwa wakipiga msasa wakaacha.

Nikaomba ile simu tena. Nikawapitia wale watu wa Himid taratibu, picha moja baada ya nyingine. Sikuona kamba. Sikuona mnyororo hata mmoja. Niliona ngoma, viatu, ramani, mitishamba, vyungu. Mambo yote ya kununuliwa na kupachikwa jina yako mgongoni, kwenye karatasi ya mahesabu. Mbele mtu amesimama na ufundi wake. Tulikuwa tumeitazama kazi ile wiki nzima tukasifia rangi, na bibi ambaye hakuwahi kuiona ndiye aliyesema kilichomo.

Nikachukua kitambaa chenye tina nikafuta kamba, rangi ilikuwa bado mbichi. Mikono niliyokuwa nimeichora imelegea tumboni nikaikunja ikakumbatia chungu cha shingo fupi, na bibi akanielekeza mdomo wa chungu ulivyopinda na alama za kucha alizokuwa akiziweka bibi yake begani mwa chungu, mstari wa vijiduara vya nusu kuzunguka. Nilizichora kwa ncha ya msumari.

Mgongoni mwalimu akaandika, bibi anasema. Jina la Kimanyema alilitaja kwa kumwinamia mwalimu sikioni, akasema liandikwe dogo. La Ujiji akalisema wazi. Hayo mawili siyatii hapa, wenye nayo wapo. Kazi ya kwao: hakujua, aliondoka mdogo. Kazi ya hapa: vyungu. Tulipofika mstari wa mwisho, ule wa alichobaki nacho, mwalimu alikuwa ameshaandaa maneno mazuri ya kumsaidia: imani, heshima, matumaini. Bibi akayakataa yote.

"Andika alikuwa na nyumba yake. Si ya kupanga."

Habari ilikwenda mtaani haraka kuliko tangazo. Siku zilizofuata walikuja wazee wengine, baadhi kuangalia tu na kuondoka bila kusema, wawili watatu wakaacha majina. Mzee mmoja alikuja kutuonya tusichokoe yaliyolala, na mbao zetu mbili zikabaki na migongo mitupu kwa ajili hiyo. Maonyesho yenyewe yalikuwa mazuri lakini mafupi, mvua ilitukimbiza ndani kabla mgeni rasmi hajafika.

Niliendelea kumfuatilia yule mama wa Preston kila nikipata bando. Vipo vyombo vya mezani vya zamani 100, masahani na majagi, alivyovichora juu yake nyuso za watumishi weusi na za mabwana wanaotapika, kuusema mji wa Lancaster ulivyonenepa kwa biashara ya watu. Zipo picha zake za mfano wa kanga, zenye pindo na maneno. Kanga zake nazivumilia tu. Maneno yake ni ya Kiingereza na hayamchomi mtu, na kanga isiyomchoma jirani mimi kwangu ni pazia. Wale watu mia aliwatoa kwa makumbusho ya utumwa ya Liverpool, na kwa mwaka 2026 Waingereza wamemchagua awawakilishe kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, Italia. Mwalimu alinitumia habari hiyo saa sita usiku na alama za kushangilia zisizohesabika. Hela ya ufundi bado tunaongea.

Watu wetu walikaa stoo ya shule. Maonyesho yalipokwisha, bibi alimtuma mjukuu wake kuuliza bei ya yule mfinyanzi, mkuu wa shule akamwachia bure, kisha akaniletea mimi kibandani na bajaji, miguu ikiwa imechomoza nje.

"Kuna nini tena, bibi?"

"Bibi yangu hakuwa na matege."

Nikaangalia. Kweli, msichana aliyelala kwenye ubao ule alikuwa akicheka na miguu imemwachana. Nikamweleza kwamba plaiwudi ikishakatwa hairudi.

"Basi mshushie nguo," akasema, akakaa kwenye benchi kusubiri.

Nikachanganya bluu nikamshushia kaniki mpaka kwenye vifundo vya miguu, na ile nyeusi ya katikati ikafunikwa. Alisimama akamzunguka mara moja, akanilipa chupa ya mawese, akamwambia mwenye bajaji amlaze vizuri asimchubue.