Boriti za Unguja, mawe ya Malta: nilivyoipata nafasi yangu Valletta

Kiangazi cha mwaka 2015, nikiwa nasomea usanifu majengo nchini Ujerumani, nilihudhuria mkutano wa wanafunzi wa usanifu majengo wa Ulaya, EASA, uliofanyika Valletta, mji mkuu wa Malta. Mkutano huu ulianzia Liverpool mwaka 1981 na huhamia nchi nyingine kila kiangazi. Kwa muda wa wiki mbili hivi mamia ya wanafunzi hulala na kula pamoja, na hufanya kazi katika warsha ambazo mara nyingi huongozwa na wanafunzi wenzao, bila mtihani wala alama. Nafasi hugawanywa kwa nchi. Mimi ni mtu wa Unguja, nikadhani mlango huo haunihusu, mpaka mwenzangu wa darasani aliponishauri niombe kupitia nchi ninayosoma. Katika barua yangu nilieleza nyumba ya bibi yangu huko Mji Mkongwe, ambayo upana wa vyumba vyake uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko. Nilichaguliwa.

Siku za mwanzo zilinilemea. Warsha yetu ilikuwa ijenge kivuli cha mbao katika ua mmoja, na wenzangu walibishana kwa Kiingereza cha haraka ambacho sikukiweza, nami nikabaki kushika kamba ya kupimia. Siku ya nne alikuja fundi seremala, mzee wa Kimalta, akawa anahesabu mbao kwa sauti. Alipofika "sitta, sebgħa", nikamwitikia: sita, saba. Kimalta kilitokana na Kiarabu, na namba hizo nasi tulizipata huko. Mzee alifurahi mno, akanishika mkono akanipeleka kuona dari ya chumba cha zamani: mabamba ya mawe ya chokaa yaliyolazwa juu ya matao yaliyokaribiana, kwa kuwa kisiwa chao ni haba wa miti ya kutoa boriti ndefu. Nilisimama pale kwa muda mrefu. Ilikuwa hesabu ileile ya nyumba ya bibi, ila huku jiwe ndilo lililobeba kazi ya mkoko.

Jioni ile niliwachorea wenzangu: tuache mbao ndefu za kuungwa katikati, ambazo zilikwisha kutupindia mara mbili, tutumie vipande vifupi, na nguzo tisa zisimame kwa safu tatu zilizokaribiana. Mchoro haukuhitaji Kiingereza kingi. Walijaribu kipande kimoja palepale, wakakining'inia, kikakaa sawa. Tangu hapo pima maji na timazi vikawa mikononi mwangu.

Kivuli kiliposimama, mzee alirudi kukikagua, akagonga nguzo moja moja huku akihesabu, nami nikihesabu pamoja naye kwa Kiswahili. Kwenye nane tuliachana, kwa sababu wao husema "tmienja". Kwenye "disgħa" na tisa tukakutana tena.